Kilo Nilizomwandikia Binti Yangu

Binti yangu wa kwanza alipokuwa na miezi kumi, nilimwandikia nusu kilo ambayo mwilini mwake haikuwamo. Niliiandika kwa wino, kwa mwandiko mzuri niliofundishwa na mapadri, mama yake akiwa amesimama mbele yangu. Sasa nimezeeka na mengi yamenitoka kichwani. Hiyo nusu kilo haijanitoka.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa karani wa mizani katika dispensari ya masista hapa Goma. Nilikuwa nimemaliza sekondari, jambo ambalo siku zile lilimfanya kijana avae soksi hata akienda kuchota maji. Siku nyingine za juma niliandika wagonjwa na kupanga chupa za dawa, ila Alhamisi ilikuwa siku ya watoto wachanga, na Alhamisi nilikuwa mtu mkubwa. Akina mama walianza kufika mapema: wa mitaa ya karibu, wa Kituku wakiwa bado na magamba ya samaki mikononi, wa Kibati waliotembea kwa miguu na watoto mgongoni. Wote walipita mbele ya meza yangu.

Mizani yetu ilikuwa na beseni jeupe na fito ya chuma yenye alama. Juu ya fito kulikuwa na kipande cha chuma ambacho nilikisogeza kwa kidole hadi fito itulie. Nilisoma kilo, nikaweka nukta kwenye kadi ya mtoto, nikaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mstari ukipanda, mama alikaa benchi ya kulia, akapewa kipande cha sabuni na wenzake wakampigia makofi. Mstari ukilala au ukishuka, alikaa benchi ya kushoto. Huko alisubiri kuulizwa mbele ya watu mtoto anakula nini.

Sista aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Mzungu mrefu, mwenye viatu vya kamba kama vya mwanamume. Sote tulimwita Masere. Yeye alipima vifua na kutazama macho. Maswali ya benchi ya kushoto aliniachia mimi, kwa sababu nilisema lugha za watu. Niliyauliza kwa sauti kubwa.

"Mama, huyu mutoto anakula nini?"

"Anakula kile tunakula, Papa Karani."

"Na nyinyi munakula nini?"

"Kile kiko."

Wanawake walicheka. Mimi sikucheka. Niliandika pembeni mwa kadi: mama hajui. Kisha niliwasomea wote somo la Masere. Mtoto asiachishwe ziwa ghafula. Apewe maharagi yaliyopondwa, yai, maziwa ya ng'ombe, samaki. Bugali peke yake inajaza tumbo lakini haijengi mwili. Nililijua somo hilo kama mtu anavyojua Baba Yetu, na nililisema hivyo hivyo, mawazo yangu yakiwa mahali pengine.

Binti yangu alizaliwa mnono. Miezi tisa ya kwanza mstari wake ulipanda vizuri hata Masere alikuwa akiishika kadi yake juu na kuwaonyesha wengine. "Tazameni, mutoto wa Karani." Mke wangu alikaa benchi ya kulia na kuinamisha macho kwa heshima, lakini nilimjua: alikuwa anafurahi. Mimi nilifurahi zaidi yake. Mwezi ule nilikuwa nimeomba kadi ya evolue, ile karatasi iliyotaka kumwambia Mweusi kwamba sasa amestaarabika. Tume ya watu watatu ilikuwa ije nyumbani kuona kama tunakula mezani, kama choo ni safi, kama mke anajua kupiga pasi, kama watoto wana afya. Nilijua kwamba wataiomba na kadi ya dispensari.

Basi mke wangu akapata mimba nyingine.

Kwetu, mwanamke akishika mimba, yule anayenyonya huachishwa siku hiyo hiyo. Watu wanasema maziwa hayo sasa ni ya aliye tumboni, na mkubwa akiyanywa yatamharibu. Mama hujipaka ziwani majani ya mubirizi yaliyosagwa, machungu kuliko kwinini. Mtoto anaonja mara moja, anageuza uso, analia siku tatu, imekwisha. Kisha nyanya yake, ambaye sisi tunamwita tate, anakuja kumchukua ili akale kwake na amsahau mama.

Mimi niliyewasomea wanawake kila Alhamisi kwamba mtoto asiachishwe ghafula, nilimwona mke wangu akisaga mubirizi na sikusema neno. Niliogopa. Shule ilikuwa imenifundisha kusema, haikuwa imenitoa woga niliolelewa nao. Hilo ni kosa la kwanza, na siwezi kumtupia mtu.

La pili nililifanya kwa kujivuna. Mama mkwe wangu alishuka kutoka Kibumba kuja kumchukua mjukuu wake, kama desturi ilivyotaka. Alikuwa mama mwembamba, mwenye ulimi. Kwa heshima ya ukwe hakusema nami uso kwa uso. Alipokuwa na neno kwangu alimwambia mtoto, nami nikimjibu nilimjibu kupitia mtoto. Siku hiyo alikaa kwenye mkeka, mtoto mapajani, akaitazama meza yetu. Pale juu palikuwa na kopo la maziwa ya unga na biberoni, chupa ya kunyonyea niliyoiagiza kwa mfanyabiashara wa mjini.

"Mujukuu wangu," alisema, "kwetu Kibumba kuko ngombe mbili. Moja inakamuliwa. Hapa kwenu naona ngombe ya bati, inalala ndani ya kopo. Uliza papa yako: hiyo ngombe inakula majani gani?"

Mke wangu aliuma shuka ili asicheke.

"Mwambie tate yako," nilimjibu mtoto, "mutoto wa evolue halelewi mu moshi."

"Mujukuu wangu, mama yako nilimulea mu moshi. Papa yako alimuonaje, kama moshi ulikuwa mwingi vile?"

Alirudi Kibumba bila mtoto. Nilijiona nimeshinda.

Kopo lile lilitaka vijiko vinne kwa chupa moja. Nilimwambia mke wangu atie viwili, ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Maji yalichotwa ufukweni mwa ziwa. Mwanzoni tuliyachemsha, baadaye kuni zilipokuwa mbichi, au mke alipokuwa anatapika kwa ajili ya mimba, hatukuyachemsha. Mtoto alipokataa chupa alipewa bugali na mchuzi wa sombe, majani ya muhogo. Tulikuwa na kuku wawili. Mayai yao niliyala mimi, mtu wa kazi, kwa uma.

Akaanza kuharisha. Iliisha, ikarudi. Ikafika Alhamisi ya mwezi wake wa kumi.

Mke wangu alimweka ndani ya beseni. Nilisogeza chuma hadi kwenye kilo nane, alama ya mwezi uliopita, na fito ikaanguka. Nikakirudisha nyuma kidogo, ikaanguka. Nikakirudisha tena. Ilitulia kwenye kilo saba na gramu mia saba. Nyuma ya mke wangu palikuwa na wanawake kama arobaini. Benchi ya kushoto ilikuwa na nafasi moja wazi, na wote waliokuwa pale niliwahi kuwauliza watoto wao wanakula nini.

Niliandika kilo nane na gramu mia mbili. Nikaunganisha nukta. Mstari ukapanda.

"Benchi ya kulia," nilisema.

Mke wangu hakusogea mara moja. Hakuwa amesoma hata mwaka mmoja, lakini miezi tisa alikuwa amesimama mbele ya mizani hiyo. Alitazama fito, akanitazama mimi. Halafu akamchukua mtoto, akaenda kulia, akapewa sabuni.

Nyumbani aliiweka sabuni ile juu ya meza, karibu na sahani yangu.

"Niliona kale kachuma," alisema. "Hakakufika pale."

"Wewe unajua kusoma mizani?"

"Najua kusoma mutoto. Nikimubeba najua."

"Mwezi ujao atapanda. Atafika pale nimeandika."

"Na kama hapandi?"

Niliamini kweli kwamba atapanda. Nilidhani nimemwazima tu mwezi mmoja.

Tume ilikuja. Walitazama choo, walitazama meza, walimwomba mke wangu awaonyeshe shuka zilizopigwa pasi. Mmoja wao alichukua kadi ya mtoto, niliyokuwa nimeiazima dispensari, akafuata mstari kwa kidole chake, akasema kwa Kifaransa kwamba hii ndiyo kazi nzuri. Mtoto alikuwa amelala chumbani na nilikuwa nimefunga mlango. Nilipata karatasi yangu.

Mtu akishaandika uongo unaopanda, hawezi tena kuandika ukweli unaoshuka. Watu wangeuliza mtoto ameporomokaje kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo kila mwezi niliongeza kidogo juu ya uongo wa mwezi uliopita. Kwenye karatasi alikua msichana mwenye afya, na ndani ya beseni alikuwa mwingine, mwenye mikono kama vijiti vya kuchokonolea moto. Masere alikuwa na watoto wengi na macho yake yalikuwa kwenye benchi ya kushoto. Mwanamke asiyekaa huko hakuitwa. Hivyo ndivyo uongo wangu ulivyomficha mtoto kwa mtu pekee ambaye angemsaidia.

Alipofika mwaka mmoja na nusu hivi, kabla mdogo wake hajazaliwa, nilipata mwezi wa furaha. Nilisogeza chuma, na kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi fito ilitulia mbele, karibu kabisa na kilo nilizokuwa nimezizua. Uso wake ulikuwa umejaa. Miguu ilikuwa imenenepa. Nilimwambia mke wangu, "Unaona? Nilikuambia." Siku hiyo niliandika ukweli, na mkono wangu ulikuwa mwepesi.

Juma lile mama mkwe alishuka kwa ajili ya uzazi uliokuwa unakaribia. Alimkuta mtoto amekaa kwenye mkeka, hachezi, hatambai, nywele zimekuwa nyekundu na laini. Hakusalimu mtu. Alipiga magoti, akashika mguu wa mtoto, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo. Alipotoa kidole, shimo lilibaki. Tulilitazama wote watatu. Lilikaa pale kama alama ya kidole kilichobonyezwa kwenye udongo wa kufinyangia.

Nilikuwa nimewaona watoto wa hivyo dispensari. Wengi waliletwa wakiwa wamechelewa. Ugonjwa huo kwetu unaitwa bwaki, na nilijua kwamba mwili unavimba maji kwa kukosa chakula cha kujenga. Nilijua yote hayo, na juma lilelile nilifurahia uzito wa maji.

"Mukwe wangu," alisema mama mkwe. Hakumwambia mtoto. Aliniambia mimi, machoni. "Sogea kwa mulango nipite."

Nikasogea. Alimfunga mtoto mgongoni, akaacha hata mzigo wake, akapanda barabara ya Rutshuru kwa miguu. Mke wangu alizaa siku nane baadaye bila mama yake.

Mtoto alikaa Kibumba hadi alipokuwa na miaka mitatu. Maziwa, maharagi, njegere, viazi. Uvimbe ulitoka. Tulikwenda kumwona, akawa anajificha nyuma ya ng'ombe. Alituogopa. Na mimi, katika miezi ile, kila Alhamisi ya zamu yake nilitoa kadi yake kwenye sanduku na kumwandikia kilo. Nilimpima mtoto asiyekuwapo, hadi kadi ikajaa ikafungwa. Nikaona mambo yamekwisha. Amerudi, anakimbia, anacheka, anakula. Yaliyopita yamepita.

Sikujua kwamba mwili una kumbukumbu. Aliporudi alikuwa mfupi. Mdogo wake wa kiume, aliyenyonya miaka miwili kamili kwa sababu mama mkwe alitukalia shingoni, alimkaribia kimo upesi. Mafua yaliyowapita watoto wengine kwa siku mbili yalimlaza yeye wiki mbili. Kila kiangazi vumbi lilipoanza, kifua chake kilipiga filimbi. Mke wangu alikuwa anamsikiliza akipumua, halafu ananitazama, halafu anaendelea na kazi yake.

Alikuwa anakaribia miaka mitano surua ilipoingia mjini.

Ilianza upande wa ziwa, ikapanda mitaa. Dispensari ilikuwa na vitanda kumi na viwili vya watoto. Watoto walioletwa walikuwa mara tano ya idadi hiyo, na wengi walirudishwa wakauguzwe nyumbani. Masere alikuwa na namna yake ya kuchagua. Kwa miaka aliyokaa nchini alikuwa ameona jambo: watoto wawili wa umri mmoja wanashikwa na surua siku moja, mmoja baada ya wiki anacheza, mwenzake anazikwa. Alipofukua kadi zao za uchanga, mara nyingi aliyezikwa alikuwa yule ambaye mstari wake ulilala. Hata kama baadaye alinenepa. Kwa hiyo kila mtoto alipoingia, alisema, "Karani, lete fishi yake." Nilikimbia kwenye masanduku, nikaleta kadi. Mwenye mstari uliolala alipata kitanda. Mwenye mstari uliopanda alipewa dawa ya homa na kurudi kwao.

Siku tatu nilibeba kadi hizo. Siku ya nne mke wangu aliingia na binti yetu mgongoni, mwenye homa kali, macho mekundu, vipele vimeanza nyuma ya masikio.

Kilikuwa kimebaki kitanda kimoja.

"Lete fishi yake," alisema Masere.

Nilikwenda kwenye sanduku. Niliiona mara moja. Nilikaa nayo mkononi muda ambao mtu angesema Salamu Maria tatu. Ningeweza kusema imepotea. Ningeweza kuileta na kusema ukweli. Nilisikia nyuma yangu mtoto wangu akikohoa, na nilisikia mwanamke wa Kibati akisubiri na wake. Nikaileta.

Masere aliifungua, uso wake ukalegea.

"Ah, ni yule mutoto wetu muzuri." Alimtazama, akakunja kipaji cha uso. "Lakini ni mufupi."

"Ni upande wa mama yake, Masere," nilisema. "Kule kwao bote ni bafupi."

Kaka za mke wangu huinama kuingia mlango wa nyumba yetu. Mke wangu alikuwa amesimama palepale. Hakuinua macho. Masere alirudisha kadi mkononi mwangu, akasema huyu ana nguvu, atashinda. Apewe maji mengi, afunikwe. Kitanda kikaenda kwa mtoto wa Kibati.

Siku ya kwanza nyumbani mtoto alilia kwamba mwanga unamchoma. Tuliziba dirisha kwa gunia. Siku ya pili aliharisha, na midomo ikajaa vidonda hata maji hakuyataka. Asubuhi ya siku ya tatu macho yalikuwa yamegandamana. Mke wangu aliyaosha kwa maji vuguvugu, taratibu, kwa pamba. La kulia lilifunguka. La kushoto lilipofunguka, palikuwa na doa la kijivu katikati ya mboni.

Aliweka bakuli chini.

"Kule mbele ya Masere nilinyamaza," alisema. "Ulitukana kwetu, nikanyamaza. Mwanamuke hawezi kumupatisha bwana yake haya mbele ya muzungu. Lakini sikia: leo kama hauendi kusema, naenda mimi. Na nikienda mimi, nitasema yote, kuanzia ile sabuni."

"Watanifukuza kazi."

"Huyu anakufa, wewe unaniambia kazi?"

Nilichukua kitenge chake, nikamfunga mtoto mgongoni mwangu. Mwanamume kubeba mtoto mgongoni barabarani lilikuwa jambo la kuchekesha siku zile, na ilikuwa Alhamisi. Foleni ya akina mama ilikuwa imefika hadi langoni.

"Mutazame Karani!" mmoja aliita. "Amekuwa mama! Papa Karani, nani anakupa ziwa?"

Kicheko kilikwenda kutoka langoni hadi mezani, nami nikitembea ndani yake. Kijana mwingine alikuwa amekaa mahali pangu pa mizani. Masere alikuwa ameinama juu ya mtoto wa mtu. Nilimwambia kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini, kwamba kadi ya binti yangu si ya kweli.

Watoto walikuwa wanalia pande zote. Hakusikia, au alisikia na hakuamini. Alinijibu kwa Kiswahili, kama alivyofanya siku zote mbele ya akina mama.

"Unasema nini? Sema tena."

"Fishi yake ni ya uongo," nilisema kwa Kiswahili. "Huyu mutoto hakupanda. Tangu miezi kumi hakupanda. Alikuwa na bwaki. Mimi niliandika zile kilo."

Mwanamke mmoja wa Kituku, ambaye nilikuwa nimemketisha kushoto mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, alisimama na mtoto wake kiunoni.

"Na ya betu?" aliuliza. "Ya betu uliandika namna gani?"

Masere alikuwa tayari anafungua kitenge, ananivua mtoto mgongoni. Alimgeuza macho, akamtazama mdomo, akamfinya ngozi ya tumbo. Ndipo alipouliza, bila kuinua kichwa:

"Wangapi?"

"Huyu mumoja tu, Masere."

"Nitajuaje?"

Ilikuwa kweli kwamba ni mmoja tu. Lakini mtu aliyedanganya kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe, nani atamwamini kwamba hakudanganya kwa sabuni, au kwa uvivu? Siku zilizofuata Masere aliacha kuchagua kwa kadi. Alichagua kwa macho na mikono tu, na alikuwa mtu mmoja kwa watoto mamia. Kama kuna mtoto aliyerudishwa kimakosa kwa sababu hiyo, sikuambiwa. Sikuuliza.

Kitanda hakikuwapo. Binti yangu alilazwa kwenye mkeka ukumbini. Walimpa maziwa kwa kijiko, tone kwa tone, na mafuta ya ini la samaki ambayo aliyatema na kupewa tena. Waliweka dawa machoni kila baada ya muda. Mke wangu alikaa upande mmoja wa mkeka na mama yake, aliyeshuka kutoka Kibumba, upande mwingine. Mimi nilikaa miguuni. Siku tano hatukujua. Siku ya sita aliomba maharagi.

Jicho la kulia lilipona. La kushoto kidonda chake kilifunga kikaacha weupe mzito, na nyuma ya weupe huo hakuona kitu.

Nilimuuliza Masere swali ambalo nilikuwa nimelibeba siku zote hizo. Kama angepata kitanda siku ile ya kwanza, jicho lingepona? Alifikiri. Hakuwa mtu wa kumfariji mtu kwa uongo.

"Pengine," alisema. "Lakini surua ilimukuta bila akiba. Akiba ya mutoto inawekwa mu miaka miwili ya kwanza, na pale ndipo ulinifungia mulango."

Hakunifukuza. Alinitoa kwenye mizani akanipeleka kuosha chupa za dawa, na huko nilibaki hadi uhuru. Karatasi yangu ya evolue hakuna aliyekuja kuichukua. Nilipokutana na wanawake wa Alhamisi barabarani walinisalimu kwa adabu, Papa Karani, habari, lakini hakuna aliyesimama.

Binti yangu ameishi. Ni mfupi, ana watoto, ana kifua kibovu wakati wa vumbi. Alipokuwa karibu kuolewa nilimweleza yote kama nilivyoyaandika hapa. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama mama yake alijua. Nikasema alijua tangu siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwomba.

Siku tulipotoka dispensari alitaka kutembea mwenyewe. Alikuwa amekaa pale wiki tatu na miguu yake ilitetemeka. Mama yake na tate yake walitangulia na mizigo, wakizungumza wao kwa wao. Njia ilikuwa ya mawe meusi ya volkano, yenye ncha, na kila alipokanyaga upande wa kushoto alijikwaa, kwa maana hakuliona jiwe. Nilihamia upande huo ili nimshike akianguka.

Alisimama.

"Papa, uko wapi?"

"Niko hapa."

"Hapa wapi?"

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa sikio. Alianza kugeuza kichwa, si macho tu, kichwa kizima na mabega, hadi jicho zima liliponifikia. Alinitazama kidogo.

"Aa," alisema, akaendelea kutembea.